Mlipaji Mwaminifu

Hongera, baba mwenye nyumba. Wewe uko Muscat, ila hapa Dar es Salaam hakuna raia mwaminifu kukushinda. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU: mita ina jina lako, umeme nanunua mimi. Sheria inasema mlipaji ni mwenye jengo. Nikikukumbusha unirudishie, mtandao wa huko unagoma. Siku ya kodi ya pango ya miezi sita, mtandao unashika kana kwamba umelainishwa kwa asali. Bili ya maji nayo ina jina lako, na deni la mpangaji aliyehama nimeachiwa mimi. Juzi benki walitaka bili kuthibitisha makazi yangu. Nikawapa. Wamesema wako tayari kukukopesha.