Nyumba ya Sajenti

Karatasi ya uhamisho wa jeshini haina nafasi ya maoni ya mume. Ina jina la askari, namba yake, cheo, kikosi anachotoka na kikosi anachokwenda, basi. Mama Zuhura, mke wangu, ambaye ni sajenti upande wa tiba, aliiweka mezani pembeni ya sahani ya wali, akaendelea kula. Tulikuwa Dar es Salaam. Karatasi ilisema Makambako, kwenye baridi ya Njombe.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu sweta huvaliwa na mtoto mchanga anapopelekwa kliniki, na hata huyo hulia mpaka avuliwe. Nikauliza kama jeshini kuna rufaa. Mama Zuhura akaniangalia kwa lile jicho wanalofundishwa huko wanakofundishwa, kisha akagawa majukumu: yeye ataripoti kikosini, mimi nitafute nyumba. Nyumba za kambini hazitoshi kila familia, na wengi hupanga uraiani. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu, inayofanyika popote penye umeme na mtandao, hivyo sikuwa na kisingizio. Sharti lake lilikuwa moja, awe kwenye gwaride la asubuhi kabla namba hazijaanza kuhesabiwa. Alilisema mara moja. Wenzetu wale hawarudii.

Na mimi nilikuwa na sharti langu: nyumba iwe karibu na kambi, lakini si karibu sana. Aliyekuwa Dar es Salaam miaka ile hahitaji kuelezwa. Tarehe 29 Aprili 2009 yalilipuka maghala ya silaha Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Watu walikufa, watoto wakapotezana na wazazi wao, maelfu wakakusanyika Uwanja wa Uhuru. Sisi wa Ukonga tulikimbia usiku ule bila kuuliza tunakwenda wapi. Jirani yangu alikimbia na pasi ya mkaa, baridi, haina hata jivu ndani, na mpaka leo hana maelezo. Tangu wakati huo dalali akiniambia "hapa ni karibu na kambi, usalama tele", mimi namwuliza ni kilomita ngapi, na upepo unavuma kuelekea wapi.

Swali la upepo Makambako lina jibu rahisi: unavuma kuelekea kwako. Kuna mipango ya muda mrefu ya kufua umeme kwa upepo wa mji huu, na sina shaka waliopima walimaliza kazi mapema wakaenda kunywa chai. Mji wenyewe uko njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inachomoka hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo baada ya kupanda ile milima na mahandaki kutoka Mlimba. Kila kitu cha kusini kinachotaka kwenda mahali, iwe mbao, mahindi au viazi, lazima kisimame Makambako kwanza kifikirie.

Dalali wangu alikuwa kijana mwenye simu tatu na koti la kike. Nilimlipa hela ya usumbufu, tukaanza kusumbuka. Mwenye nyumba wa kwanza alifurahi mno kusikia mpangaji ni askari. "Wezi wataukimbia mtaa mzima," alisema, kisha akaniomba tuanike kombati upande wa barabarani, hata siku ambazo hatujafua. Nyumba yenyewe ilipakana na maegesho ya malori, na dereva mmoja alikuwa anajaribu honi yake mpya. Wa pili alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, halafu akashusha sauti.

"Askari asipolipa kodi, mimi namshitaki wapi?"

Nikamtuliza kwamba mimi ni raia, askari ni mke wangu.

"Basi," akasema, akisimama, "hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Tukajibanza kwa muda kwenye vyumba viwili vya uani, tukingoja nyumba ya maana ipatikane. Hapo ndipo upepo uliponifanyia kitendo ambacho hadi sasa kinasimuliwa kwenye vijiwe vya bodaboda. Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Nilifua, nikaanika, nikaingia ndani kuhariri mswada wa mtu kuhusu ufugaji wa nyuki. Nilipotoka, kamba ilikuwa na soksi zangu na fulana zangu. Suruali ya kombati ya sajenti haikuwepo.

Msomaji akumbuke kwamba Agosti 2023 jeshi lilitangaza siku saba kwa raia wote wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, kuzisalimisha. Tangazo lile liliwamaliza wauza mitumba wa nguo za mabaka, na liliingia vizuri vichwani mwa wananchi. Nililithibitisha mwenyewe siku ile. Suruali ilikuwa imevuka ukuta, ikavuka uwanja wa jirani, ikatua katikati ya njia ya kwenda sokoni, miguu imetanuka. Hakuna aliyeigusa. Akina mama wenye beseni za nyanya waliizunguka. Mtu mwenye baiskeli alishuka, akapita pembeni akiikokota baiskeli kwa heshima, akapanda tena mbele. Ningeacha simu pale ingeondoka kabla sijageuka, lakini suruali ile ililala salama kuliko benki.

Tatizo ni kwamba aliyepaswa kuiokota ni mimi, raia. Nikaishika kwa ncha za vidole viwili, mkono nimeunyoosha mbele, ili kila mtu aone kwamba sina nia ya kuivaa. Upepo ukaijaza, ikawa na miguu yenye mtu ndani. Tulirudi nyumbani hivyo, mimi na nusu ya askari, watoto wakitufuata nyuma kwa hatua za gwaride. Jioni sajenti aliikagua, akahesabu vifungo, akauliza, "Nani alikuwa mlinzi wa zamu?"

Kesho yake nilitangaza kwamba Makambako haifai kwa binadamu, na kwamba mtu mwenye akili huishi Lupembe.

Wazo la Lupembe lilitoka kwa yule yule mwenye mswada wa nyuki. Alikuwa amenisifia chai iliyofunika vilima, ukungu wa asubuhi, maparachichi, mananasi yanayotoka Madeke, na kodi ya nyumba nzima kwa bei ya chumba kimoja Makambako. Na kimya! Nikapanda gari mpaka Njombe, kisha gari la Lupembe. Ilikuwa Desemba na mvua zilikuwa zimeshika kazi. Barabara inayotoka Kibena kupita Lupembe hadi Madeke ni ya kilomita 125, na ile sehemu niliyopita ilikuwa na utelezi wa kumtoa mtu imani. Gari lilikwama. Konda akasema wanaume washuke wasukume. Nikashuka na viatu vyangu vya Dar es Salaam. Gari lilipochomoka lilinichorea matope kuanzia kwenye paji la uso hadi magotini, kwa mabaka, na abiria mmoja ndani akasema kwa sauti kwamba tangazo la siku saba halijanifikia.

Lakini Lupembe ni nzuri, nisiwe mchoyo. Mzee mwenye nyumba alinipokea na matope yangu bila kuuliza, akanipa maji ya moto ya kunawa na viazi vya kuchemsha. Nyumba ilikuwa na uwanja mpana, mti wa parachichi mlangoni, na chai inaanzia pale uzio unapoishia. Nilipomwambia kwamba familia yetu ni ya kijeshi, alicheka, akasema Lupembe ilishawaona wanajeshi. Ni kweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliishika Lupembe. Agosti 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey likaitwaa, na Novemba mwaka huohuo kikosi cha Jenerali Wahle, kikitokea Tabora kwa miguu, kikashambulia ili kuichukua tena, kikashindwa. Waafrika waliokufa pande zote mbili ni wengi, askari na wapagazi, na kugombania kwenyewe hawakukuanzisha wao. Mzee alisema wote wale waliondoka, chai ikaja, ikabaki. Aliona chai ina nidhamu zaidi.

Kisha akauliza mke wangu anafanya kazi kambi ipi.

"Makambako."

Akanyamaza. Akaangalia barabara, akaangalia mawingu, akaangalia viatu vyangu.

"Gwaride lao saa ngapi?"

"Alfajiri, mzee."

"Basi mwanangu," alisema kwa huruma, "huyo mkeo kila siku itabidi awe ameondoka jana."

Hata hivyo niliipeleka hoja nyumbani. Nilizungumzia hewa, utulivu, parachichi, afya ya Zuhura. Sajenti alisikiliza hadi mwisho, akachukua karatasi na kalamu, akachora: Lupembe hadi Njombe, matope, Njombe hadi Makambako, kama kilomita 60 za lami, muda wa kuondoka, muda wa kufika, gari mbadala likikwama, adhabu ya kuchelewa. Mstari wa mwisho aliandika: Ombi limekataliwa. Alitia na saini.

Njombe yenyewe tuliijadili kwa muda mfupi. Lami ipo, soko zuri, mji wa mkoa tangu Njombe ilipotengwa na Iringa mwaka 2012. Lakini nililala gesti moja pale Desemba hiyo hiyo, nikiwa nimevaa kila nilichokuja nacho pamoja na taulo, na asubuhi mhudumu akanifariji kwamba nimebahatika, nimekuja wakati wa joto. Nisubiri Juni, akasema, nione baridi. Nikashukuru, nikalipa, nikaenda stendi.

Kwa hiyo tuko Makambako. Tulipata nyumba ya vyumba vitatu, ukuta mrefu, umbali ambao mimi naukubali na sajenti anaumudu kwa bodaboda. Nilichokuwa sijakipanga ni cheo. Mtaa mzima unaniita Afande. Nimekanusha mpaka nimechoka. Wanaona nakanusha kwa sababu za kiusalama. Mama mmoja wa viazi aliniomba nimtume sajenti apite sokoni na kombati, ili wanunuzi wanaong'ang'ania lumbesa wapunguze kiburi. Wengine huja jioni na bahasha za kaki: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, barua ya mtendaji, kijana mwenyewe amesimama nyuma kifua mbele. Nawaeleza wanachoelezwa kila mwaka, kwamba nafasi za kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa hutangazwa, maombi hupitia wilayani na mkoani, na anayekuuzia nafasi ni tapeli. Husikiliza kwa makini, hutikisa kichwa, halafu huacha bahasha.

Baba mmoja aliacha na kuku. Sajenti alipomkuta uani alisimama wima. "Huyu ni rushwa," alisema. "Arudishwe akiwa hai, kabla ya giza." Nikambeba kuku kwapani, nikakatiza mtaa, kila niliyempita akinipa pole. Nimefika nusu ya njia, kuku akataga. Nilisimama pale na yai la moto mkononi, nikijiuliza kisheria yai ni la nani, lililotagwa baada ya rushwa kukataliwa na kabla ya kurejeshwa. Nikapiga simu. Jibu lilikuwa fupi: "Na yai." Yule baba alipokea vyote viwili akiwa amefurahi sana, kwa kuwa sasa ana hakika kwamba mimi ni mtu mkubwa.

Wewe uliyepata uhamisho wa kuja huku, au uliyeoa au kuolewa na uliyepata, sikiliza. Usianze na mandhari, anza na saa ya gwaride, kisha rudi nyuma hadi ufike kwenye kitanda ambacho mtu anaweza kuamkia. Kodi utalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja. Kamba ya nguo iwe waya, vibanio viwili kwa kila mguu wa suruali. Na wahusika wa barabara, nawaomba: lami ikifika mlangoni kwa yule mzee wa Lupembe, niambieni mimi kabla hamjamwambia dalali.