Mawe Mawili

Waja na waseme. Mimi namtetea jirani yangu wa hapa Kisauni. Peugeot 504 yake imeinuliwa pua juu ya mawe mawili, katikati ya kichochoro chetu, tangu mwanangu hajaota meno. Sasa mwanangu yuko darasa la tatu, na bushi za mbele zingali zikitolewa.

Haraka haraka haina baraka. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978, halistahili kupumzika? Shokomzoba zimelala uvunguni mwa kitanda kama mahari, springi zafungia mlango usipigwe na upepo, na kuku ametagia injinini awamu ya tatu. Meli za Kilindini hupakuliwa zikaondoka, majahazi huundwa yakashushwa majini: papara tupu!

Nasi tumefaidika. Tumejua kupita ubavuubavu, na jeneza la juzi lilipitishwa juu ya boneti bila mkwaruzo.

Mwenyewe huenda kazini kwa tuktuk. Jana kaja kwangu akitabasamu: amepata 404, ile iliyotwaa Safari mara nne. Ataka nimwazime mawe mawili tu.