Mambo 5 Yatakayoishinda Kompyuta Daima, Hata Uilishe Bukari

Wana Lubumbashi, kila siku tunaambiwa mashine itaweza yote. Wanamantiki walishakataa zamani, na uthibitisho wanao. Tuhesabu kwa kushuka.

5. Kuthibitisha kila ukweli wa namba. Kurt Gödel, 1931: andika kanuni za hesabu ambazo mashine inaweza kuzikagua. Zisipojipinga, kutabaki ukweli wa namba zisioweza kuuthibitisha. Ukiongeza kanuni, ukweli mwingine unachungulia. Utachoka wewe kwanza.

4. Kukata kila shauri la mantiki. Hilbert na Ackermann waliuliza mwaka 1928 kama upo utaratibu mmoja wa kuamua sentensi ipi ya mantiki ni halali. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mtu kwa njia yake, wakajibu: haupo. Wazee wa baraza, viti vyenu viko salama.

3. Kujua kila mlinganyo kama una jibu. Mwaka 1970 Yuri Matiyasevich alikamilisha kazi ya Davis, Putnam na Julia Robinson: hakuna programu ya kukuambia, kwa kila mlinganyo wa polinomia, kama una majibu ya namba kamili. Lakini wewe mwanafunzi wa Unilu, ukipewa x² = 49, usijifiche nyuma ya Matiyasevich!

2. Kukokotoa namba za Tibor Radó. Namba hizo zinajibu swali hili: mashine ya Turing (kompyuta ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe) yenye hali 5 na alama 2, ikianza na utepe mtupu, inaweza kwenda hatua ngapi kwa wingi kabla ya kusimama? Hatua 47,176,870, ilithibitishwa 2024. Programu ya kujibu kwa kila idadi ya hali haiwezekani. Abiria wa treni ya Lubumbashi kwenda Ilebo, safari ndefu mnaijua.

1. Kutabiri kama programu itasimama. Kompyuta imeganda kwa fundi wa komini ya Kenya, anasema, “Subiri kidogo.” Kidogo hadi lini? Tuseme ipo programu H inayojua daima. Tunaunda K: inapewa msimbo wa programu, inamuuliza H kama programu hiyo ikilishwa msimbo wake yenyewe itasimama, kisha inafanya kinyume. H ikisema itasimama, K inazunguka milele. Ikisema haitasimama, K inasimama. Sasa mlishe K msimbo wake mwenyewe: lolote atakalosema H ni kosa. Basi H hayupo.

Uthibitisho huu hauhitaji umeme wala intaneti. Walimu, ufundisheni mwaka wa kwanza. Vijana wetu wanauweza.