Namna ya Kumweka Mbuzi Rehani

Uko Mwingi, Zombe au Kathonzweni. Una mbuzi kumi na wawili na shule inadai karo. Tulia, usiuze mbuzi. Tangu 2017 Kenya ina sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana ya mkopo, na mifugo imo. Kuna hata sajili ya serikali mtandaoni ya kuandikisha dhamana hizo. Mbuzi wako anaweza kuwa anatafuna gunia chini ya mwembe huku jina lako na lake yamo kwenye kompyuta Nairobi. Imebaki kazi ndogo tu ya kumpata meneja wa tawi atakayemkubali.

Vaa viatu vya kanisani uende. Afisa wa mikopo ni kijana mwenye adabu. "Mzee, uko na hati ya mshahara?" Huna. "Logbuku ya gari?" Huna. "Hati ya shamba je?" Hapo jikaze. Shamba lipo, ila limeandikwa jina la babu yako, na babu hawezi kuja kutia sahihi. Sasa ndipo umtaje mbuzi. Kijana atatabasamu na kuangalia dirishani. Usimchukie. Anajua mbuzi hana injini yenye namba, hufa bila notisi, na anaweza kulala Kitui akaamkia machinjioni Kiamaiko, Nairobi, akiwa tayari amechunwa.

Ajabu ni kwamba mbuzi huyohuyo asiyeonekana siku ya kuomba mkopo huonekana vizuri sana siku ya kushindwa kulipa. Hata chama chako mwenyewe, kile mnachokopeshana Jumapili baada ya ibada, kitamkamata mguu bila kuuliza namba ya injini.

Benki ikikukatalia, rudi kwenye simu, maana simu haina aibu. M-Shwari ilianza 2012 ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Bunge lilipoweka kikomo cha riba mwaka 2016, hiyo 7.5 haikutikisika, kwa sababu, tulielezwa, si riba bali ada. Kwa hiyo mkeo akikuuliza umekopa kwa riba gani, mjibu bila kupepesa macho kwamba hakuna riba.

Ukiona ada inauma, kuna Hazina ya Hustler ya serikali, ya Novemba 2022: asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia shilingi 500, ulipe kwa siku 14. Bei hiyo hata mimi naisifu. Tatizo ni hizo siku. Ndengu za haraka kabisa zinataka kama miezi miwili shambani. Ukipata mbegu inayoiva kwa wiki mbili, tafadhali niwekee kilo.

Au geuka uwe mkopeshaji. Mwaka 2017 serikali yenyewe ilipita kwenye simu na hatifungani ya M-Akiba, ikikuomba angalau shilingi 3,000 ikulipe asilimia 10 kwa mwaka. Wao wakope kwako kwa kumi kwa mwaka, kisha wewe ukope kwa simu kwa saba na nusu kwa mwezi. Hesabu hiyo ifanye ukiwa umekaa.

Basi tuseme umeshindwa kote na unauza. Siri yote iko kwenye kalenda: panga shida zako ziangukie Desemba. Watu wa Nairobi wamekuja nyumbani, kila boma linataka nyama, na dalali anakuamkia kwa heshima asiyokupa miezi mingine. Kosa kubwa ni kuugua Januari. Mwezi huo kila mzazi wa Makueni anamburura mbuzi sokoni kwa ajili ya karo, na dalali amekunja mikono.

Kosa kubwa zaidi ni kuwa na shida wakati wa kiangazi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Hapo kila mtu alitaka kutoa akiba yake siku moja: mbuzi wamekonda, wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi, na mahindi yamepanda. Benki ikikimbiliwa na wateja hivyo, Benki Kuu huweza kuingilia kati. Mbuzi wako walikimbilia miiba, na ikaisha.

Kama huwezi kusubiri Desemba, mruke dalali. Baadhi ya wakuu wa shule hukubali ndengu, maharagwe, hata kuni badala ya karo. Mpeleke mbuzi asubuhi na mapema, apite mlango wa ofisi kabla hajapita mlango wa jikoni. Mwalimu mkuu atampima kwa macho, mtabishana kidogo, atamwita karani. Hakikisha tu risiti imeandikwa kabla ya chakula cha mchana.