Pilau Siyo Darasa la Kwanza

Vijana wengi wanaokwambia kupika ni kazi ngumu hawakushindwa na yai. Walishindwa na pilau. Mtu ametoka kwao, amepanga chumba Sinza, amenunua mtungi wa gesi wa kilo 6, na siku anayouwasha kwa mara ya kwanza amealika wenzake waje kula pilau. Mchicha umemkosea nini?

Mpwa wangu alifanya hivyohivyo. Akampigia simu mama yake, dada yangu, ambaye hupika kwenye harusi na hajawahi kupima kitu tangu azaliwe. "Mafuta tia ya kutosha. Bizari kiasi. Maji usizidishe." Asizidishe kupita wapi? "Wewe tazama tu, mwanangu, utaona." Kijana akatazama, hakuona kitu. Kilichoiva ni uji wenye mifupa, mweupe pe, ulioshika chini. Wageni, watu wa adabu, wakaisifu sana kachumbari. Saa tatu usiku wote walikuwa kwa muuza chipsi, wanasubiri zege.

Tangu siku hiyo jiko lile linachemsha maji ya kuoga.

Jambo ambalo dada hakulisema, kwa kuwa kwake linajulikana na hata paka wa nyumbani, ni vitunguu. Rangi ya pilau letu haitoki kwenye pakiti ya viungo. Inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia, na hapo unasimama na mwiko dakika 15 hadi 20. Wapishi wa kwenye simu hutumia dakika 2: vitunguu vinaingia vyeupe, video inakatwa, vinatokea vimeshaiva. Uongo mtupu! Maji nayo yana kipimo: kikombe 1 cha mchele, vikombe 2 vya maji, na upunguze kidogo kama mchele uliulowesha.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mpwa wangu sasa anakuja kula kwangu, na anakula kweli.

Basi, kijana, anza na yai. Nenda kwenye mchicha, halafu maharage, ila uyaloweke tangu usiku, la sivyo yatamaliza mtungi kabla hayajalainika. Pilau lingoje Idi. Na ukimpigia mama simu, mwombe kwanza ashike kikombe mkononi.