Kibuyu, Bomba na Pleti Namba

Boksi la sabufa, yaani sanduku la mbao ambamo hufungwa spika kubwa ya sauti nzito ndani ya gari, huchukuliwa na wengi kuwa ni nyumba tu ya kuihifadhi spika, ilhali kwa kweli sanduku hilo ni ala ya muziki inayojitegemea, na ala hiyo, ikitengenezwa kwa shabaha moja ya kupata kishindo kikubwa kuliko vyote, hujua kupiga noti moja peke yake. Hapo ndipo yanapoanzia masaibu yanayochambuliwa katika insha hii, kwa mfano wa gari moja la abiria aina ya Noah, la upande wa Ziwa Jipe, ziwa lenye kina kifupi na matete mengi, lililolala chini ya Upare ya Kaskazini na kukatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya.

Kanuni inayotawala sanduku la namna hii ilielezwa na mwanasayansi Mjerumani, Hermann von Helmholtz (1821–1894), lakini mzee yeyote aliyewahi kupuliza juu ya mdomo wa kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa ya Wapare, anaifahamu bila kuwahi kulisikia jina hilo. Kibuyu kilichojaa hutoa mlio mwembamba, na kadiri kinywaji kinavyopungua ndivyo mlio unavyozidi kuwa mzito, kwa sababu nafasi ya hewa inapanuka. Kasoro ya jaribio hili ni kwamba kadiri mlio unavyokuwa mzito ndivyo umakini wa mpulizaji unavyokuwa mwepesi, na vipimo vya mwisho haviaminiki. Katika boksi la sabufa, sanduku ndilo tumbo la kibuyu, na tundu lenye bomba, ambalo mafundi wengi hulitengeneza kwa kipande cha PVC cha inchi 4, ndilo shingo yake. Hewa iliyo ndani ya shingo husukumwa na kuvutwa na hewa ya tumboni kama mzigo unaoning'inia kwenye springi, na kasi ya kwenda na kurudi kwake, inayohesabiwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde moja, ndiyo noti ya boksi.

Hesabu yake haina huruma. Boksi la lita 60 lenye bomba moja la inchi 4 huhitaji bomba hilo liwe na urefu wa takribani sentimita 25 ili noti yake iwe hezi 35, lakini bomba hilohilo likikatwa kwa sentimita 12, noti hupanda hadi karibu na hezi 45. Mmiliki wa Noah hiyo alimpelekea seremala karatasi iliyoandikwa 25. Seremala huyo, ambaye sifa zake zote alizipata katika makabati na vitanda, aliona kwamba kipande cha urefu huo kingekaribia kugusa mgongo wa sanduku, na kwa kuwa katika maisha yake ya ufundi hajawahi kuruhusu kitu kigusane na mgongo wa kabati, alikikata katikati kwa nia njema kabisa, akapiga msasa, akapaka gundi, na kumpongeza mteja kwa kuokoa nafasi. PVC haina tabia ya nywele. Ikikatwa haioti tena. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu huanza na bomba refu kupita kiasi, akalijaribu kwa sauti ya noti moja moja, na kulipunguza kidogo kidogo mpaka kishindo kifike anapokitaka.

Bomba la pili lilipofungwa, likiwa na urefu sahihi, ilijitokeza ajabu ambayo vitabu huieleza kwa mstari mmoja lakini ambayo humgharimu mwananchi koili nzima ya spika. Boksi linapopiga noti yake lenyewe, kazi karibu yote hufanywa na hewa ya kwenye bomba, na utando wa spika, ile karatasi ngumu inayoonekana ikitikisika, hutulia kana kwamba umelala, ingawa huo ndio wakati wa kishindo kikubwa. Mmiliki, aliyechutama nyuma ya gari na tochi ya simu mkononi, aliuona utando umetulia, akahukumu kwamba spika haipati nguvu ya kutosha, akaongeza sauti. Wimbo uliofuata ulikuwa na besi iliyo chini zaidi ya noti ya boksi, mahali ambapo hewa ya bomba huacha kabisa kuuzuia utando, nao ukaruka mbele na nyuma kama ulimi wa mbwa wa mji wa Same saa saba mchana, hadi ikasikika harufu ya koili iliyoungua.

Utani unaowapa Wapare sifa ya kubana fedha unaonekana haujafika kwa fundi wa muziki wa magari. Koili mpya ilifuatwa na amplifaya (kikuza sauti) mpya, kutoka wati 500 hadi wati 1,000, na hapa ni lazima ieleweke kwamba kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, desibeli ikiwa ni kizio cha ukubwa wa sauti, wakati sikio huhitaji nyongeza ya kama desibeli 10 ili likubali kwamba sauti imekuwa maradufu. Wati 1,000 kwenye umeme wa volti 12 hudai zaidi ya ampia 80, kwa hiyo kila besi ilipogonga, taa za mbele zilisinzia. Katika barabara ya vumbi usiku, dereva alikuwa akiiona njia kati ya pigo moja na jingine.

Abiria nao walikuwa na mchango wao. Gunia la mahindi likiegemezwa kwenye tundu, boksi hugeuka kuwa sanduku lililozibwa, na noti yote iliyogharamiwa hupotea. Tenga la samaki likiwekwa mahali hapohapo halizibi kitu, kwa kuwa lina matundu, ila hewa ya bomba hupita katikati ya samaki mara 35 kwa sekunde na kuwafikishia habari zao abiria wa kiti cha mbele.

Kuhusu nani hasa hunufaika na noti hiyo, jibu si la kumfurahisha mmiliki. Sikio la binadamu ni zito mno kwa sauti za chini, kiasi kwamba mlio wa hezi 30 huhitaji kama desibeli 60 ndipo uanze tu kusikika. Tembo, kinyume chake, huzungumza humohumo na chini zaidi, jambo lililogunduliwa mwaka 1984 na mtafiti Mmarekani Katharine Payne, ambaye baadaye alilichunguza akiwa na Joyce Poole huko Amboseli. Ng'ambo ya Ziwa Jipe ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na hivyo wasikilizaji wenye sifa kamili za kuihakiki Noah hii wapo, tena jirani, isipokuwa hawalipi nauli.

Wanaolipa nauli walisikia kitu kingine. Kishindo cha boksi kilitikisa mlango wa nyuma, mlango ukatikisa pleti namba, na pleti namba, ikiwa imebaki na skrubu moja, ililia kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu huipokea bila taabu, hivyo kwaya, taarabu na Bongo Fleva vyote vikawa wimbo mmoja wa bati.

"Mjukuu wangu," alisema bibi mmoja aliyepakata kuku, "simamisha gari ushuke. Kuna kitu kinataka kukatika huko nyuma."

"Huo ni muziki, bibi."

"Haya, baba. Mimi nimesema."

Askari wa barabarani aliyeisimamisha Noah kabla ya mji wa Mwanga hakugusia kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Alilizunguka gari mara moja, akasimama nyuma yake, akarudi dirishani na kuuliza swali ambalo ilibidi muziki uzimwe ndipo lisikike: pleti namba iko wapi. Bibi alitazama nje ya dirisha, akimpapasa kuku wake.