Jinsi ya Kuufanya Rumonge Mji Mahiri Bila Kumsumbua Mwananchi

Anza na kibao. Mji hauitwi mahiri bila kibao cha mradi, na nembo za wafadhili ziwe kubwa kuliko jina la Rumonge, mji huu wa Burundi ulio kando ya ziwa. Kisimamishe mbali na mwalo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi likaingia kwenye nyumba za watu, na kibao kikizama nacho itabidi kihesabiwe miongoni mwa waathirika.

Kisha kusanya data. Mtume kijana mwenye tableti alfajiri, saa ile mitumbwi ya uvuvi iitwayo apollo inarudi na taa zake na kina mama wameshaingia majini na mabeseni. Amuulize kila mvuvi umri, idadi ya watoto, kilo za ndagala na kilo za mukeke. Mvuvi atasema, "Mwanangu, hizi hesabu zinakwenda wapi?" Jibu sahihi ni "Juu." Akiuliza zitarudi lini, mtandao unasumbua. Atakutajia nusu ya kilo zake, maana ushuru anaujua. Ziandike hivyo hivyo, tena kwa desimali mbili.

Usihofu kwamba raia hajazoea. Mijini Burundi kuna kaye ya nyumba: majina ya wote wanaolala humo yameandikwa, na polisi wakibisha hodi kabla ya jua kuchomoza, mgeni asiyemo ana kazi ya kujieleza. Data hapa zimepanda ngazi miaka mingi. Kushuka ndiko hazijajifunza.

Kwa vyovyote vile, usimtazame yule mama aliyechomeka simu ya vitufe kwenye kitenge. Kabla mtumbwi haujafungwa ameshajua bei ya Bujumbura, amempigia shemeji yake Kigoma, na amemwambia dereva asiondoke. Usiku wa mbalamwezi hata haji, kwani taa hazivuti ndagala mwezi ukiwaka. Lakini huo si mfumo. Hauna nywila.

Sasa ushirikiano. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na mamlaka ya pamoja ina makao Bujumbura. Maji ya ziwa hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, huko Kalemie upande wa Kongo. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Rumonge angefaidika kujua mapema vipimo vya maji vya Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Ujumbe mfupi kwa Kirundi na Kiswahili ungetosha, na hapo ndipo ilipo hatari: ungekuwa rahisi mno, usingekuwa na posho. Andaa semina. Ifanyike hotelini, ghorofani, maji yasifike.

Ripoti iandikwe kwa Kifaransa, kurasa zisipungue mia. Mama wa ndagala akiomba nakala, mpokee kwa heshima, mpe kiti, umwambie ajaze fomu ya maombi. Fomu iko kwenye intaneti.